Ngamia Wangu Ameonekana Buchani

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Najib, kijana wa mradi wa kikundi chetu cha wafugaji, amemvisha ngamia wangu Hodan mkanda wa shingoni. Una mtambo ndani. Simu ya kila mwanakikundi itaonyesha mifugo yetu inakula wapi. Nikamwuliza, hata simu ya Abshiro? Hata ya Abshiro, mama. Akacheka! Yaani jirani yangu aone malisho ya ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, niliyoyaficha miaka miwili? Wallahi hapana.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeuvua mkanda. Nimemvisha punda. Punda hana siri: asubuhi abebe maji, mchana alale nyuma ya bucha hapa Bura. Abshiro akafuate huko!

Jumatano, 6 Novemba
Kafuata. Kaja analia, simu mkononi. Eti nimechinja ngamia mwenye mimba! Nikamwambia Hodan mzima, anapenda tu kivuli cha bucha. Mara Najib kapiga: mbona ngamia hatoki mjini? Nikamjibu anawaza. Watoto wa ofisini wajue nini.

Alhamisi, 7 Novemba
Hodan kapotea! Uchungu umekaribia, kajitenga na wenzake kama desturi yao. Na fisi tangu juzi wanalia. Mwanangu Hared asema, hooyo, si utazame simu? Nimetazama. Punda amelala. Ya Rabbi! Nimezunguka laga mpaka viatu vimekatika. Nimwombe Abshiro? Nimwambie nini?

Ijumaa, 8 Novemba
Alhamdulillahi! Abshiro kaja na Hodan, ndama anayumba nyuma yao. Hared, mdomo wake hauna mlango, alimweleza yote. Bibi huyu hata simu hakugusa. Alikumbuka kichaka alichozalia Hodan mara iliyopita; ngamia hurudi pale pale. Kakesha na moto, fisi wasisogee. Nikang'aka: kichaka hicho kiko kwenye malisho yangu, umekijuaje? Akasema, abaayo, dada yangu, malisho hayo tunayajua sote. Ni madogo, tumekuachia.
Nikamgombeza kwa kulala kwenye umande na kifua kile kibovu. Kisha nikalia kidogo. Akauliza kama punda naye kazaa. Mshenzi!

Jumapili, 10 Novemba
Hodan nimemrudishia mkanda. Abshiro nimempa mbuzi jike mweupe, bora kuliko wote. Anastahili. Lakini usingizi sipati: mtu anajua malisho yangu na hayagusi, ya kwake yako wapi? Ng'ombe wake wamenona mno! Bahati Najib kaleta mkanda mdogo wa mbuzi. Nimemfunga yule mweupe kabla hajachukuliwa, juu nikamvisha shanga.
Simu yangu nimeifungia kwenye leso, Abshiro asije akaona kitu.