Kikapu Namba 217

Jumatatu, 14 Julai

Tumefika Langeoog, kisiwa cha Ujerumani. Marafiki wanne: mimi, Wiebke, Gesine na Torben. Nyumba ya kupanga, bafu moja. Gesine amebandika ratiba kwenye friji kabla hata hajavua viatu. Mimi nimepewa kuosha vyombo siku mbili mfululizo. Sijui nimemkosea nini mwanamke yule.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi Wiebke anaondoka kisiwani, kisha anahamia Vienna kikazi. Miaka mitano nampenda mwanamke huyu, miaka mitano nimefunga mdomo. Wiki hii nasema! Lakini si kwa kusema tu, kama mtu anayeagiza mkate. Nitamfanyia sapraizi pwani, sisi wawili tu.

Kikwazo ni bwana Torben. Ana kisu cha mfukoni chenye vifaa kumi na vinane. Leo mnyororo wa baiskeli ya Wiebke ulichomoka, na kabla sijatua begi chini, yeye keshaurudisha. Wiebke akamwita mkombozi. Mkombozi! Kwa mnyororo!

Jumanne, 15 Julai

Nimekodi kikapu. Si cha kwendea sokoni. Ni vile viti vya pwani vya matete yaliyosukwa, vyenye paa, watu wawili wanabanana humo na upepo unabaki nje. Namba 217, cha mwisho kabisa, karibu na maji. Mzee Onno, mwenye vikapu, alinishauri nichukue cha katikati, maana bahari ikichafuka yeye huviondoa vya mwisho kwanza. Nikamwambia natafuta utulivu. Akashusha pumzi, akanipa ufunguo wa kile kilango cha fito kinachofungwa kwa mbele.

Kisha barua. Herufi kubwa, mkono wa kushoto, asitambue mwandiko: ALHAMISI SAA KUMI NA MOJA JIONI. KIKAPU 217. NJOO PEKE YAKO. Nikaitia ndani ya kiatu chake. Jina sikuweka. Jina linaharibu sapraizi.

Wiebke akaisoma mezani mbele ya wote. Gesine akasema ni barua ya watekaji, hakuna ubishi. Torben akaikagua kwa kioo cha kukuzia, ambacho bila shaka kimo kwenye kisu chake. Mimi nikaendelea na viazi vyangu. Wiebke akasema atakwenda tu, amwone huyo mwendawazimu. Uma ukaniponyoka.

Jumatano, 16 Julai

Nilihitaji kubaki peke yangu ili nikafanye ununuzi. Kwa hiyo asubuhi nikajishika tumbo, nikaugulia. Wazo safi kabisa. Wenzangu waende zao na baiskeli, mimi nyuma nifanye yangu.

Nani kaniroga? Gesine akanichemshia chai ya shamari na kunipa mkate mkavu. Halafu Wiebke akatangaza kwamba haendi popote, anabaki kuniuguza!

Hebu fikiria. Nina kazi chungu nzima, na yeye kaketi ukingoni mwa kitanda, mkono wake kwenye paji langu, anasema afadhali wale wawili wachelewe kurudi. Hajui ananichelewesha mimi! Akanisomea gazeti la kisiwa lote, mpaka tangazo la paka aliyepotea. Akaniuliza kama nina jambo la kumwambia kabla hajaondoka. Nikamwambia ninalo: awafuate wenzake, upepo wa bahari utamfaa. Akauliza kama nina hakika. Nikageukia ukutani, nikakoroma. Alipotoka alibamiza mlango. Watu wengine hawajui kufunga milango.

Saa tisa nimemaliza. Samaki wa moshi wawili wakubwa, stroberi, divai, na barua yangu ya mapenzi, kurasa tatu, kwa mkono wa kulia. Vyote ndani ya 217, nikafunga. Jua lilikuwa kali, lakini samaki wa moshi haozi.

Chakula cha jioni: wao nyama ya kuchoma, mimi mkate mkavu.

Alhamisi, 17 Julai

Samaki wa moshi anaoza.

Upepo ulianza alfajiri. Saa kumi na nusu nikatokea dirishani, maana Gesine amenikataza kuondoka kitandani. Suruali ikanasa kwenye komeo, ikachanika nyuma. Nikatimua mbio hadi pwani. Pwani tupu! Mzee Onno na trekta lake wamehamisha vikapu vyote mia tatu nyuma ya vilima vya mchanga, na kuvipanga mgongo kwa mgongo. Na namba ziko wapi? Mgongoni! Nikachungulia kimoja baada ya kingine kama mwizi.

Nilikipata saa kumi na mbili, kwa pua. Shakwe walikuwa wamejipanga juu ya paa lake kama wazee wa baraza. Nilipofungua tu, wakanivamia. Samaki wakala, stroberi wakala, kurasa za barua wakapeperusha. Divai nilikanyaga mwenyewe.

Wiebke nikamkuta kwenye kibanda cha Mzee Onno, kavaa koti la Torben, wanakunywa chai. Torben alimfuata akihofia watekaji. Wiebke akaniuliza mgonjwa anafanya nini nje, tena ananuka hivyo. Nikasema napunga hewa. Mzee Onno akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaongeza sukari. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 18 Julai

Nilikuwa naosha vyombo (adhabu ya Gesine, kwa kutoroka kitandani). Wiebke akaingia, akaweka mezani ukurasa wa kwanza wa barua yangu. Ameuokota vilimani. Unaishia hivi: "Wiebke, miaka mitano nimetaka kukwambia kwamba". Akauliza kwamba nini. Nikamwambia shakwe ndio wanaojua.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Eckart, Jumatano nilikaa pale kitandani saa mbili nzima nikingoja useme. Ukanikoromea. Mimi sapraizi sizipendi. Ungeniambia tu twende tukale samaki, ningekuja tangu Jumatatu."

Nikamuuliza na Torben je. Torben ana mchumba Bremen, akasema, kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa mimi!

Akasema kesho tukae pamoja kwenye treni, nimwambie kwa mdomo wangu, basi, yeye hataki zaidi ya hapo. Nikaapa kwa jina la mama yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Nilikaa kando yake. Hilo nimelitimiza. Akaniambia haya, sema. Nikafungua mdomo. Mbele yetu mtoto analia, Gesine anagawa mayai ya kuchemsha. Miaka mitano, halafu niseme kwenye harufu ya mayai? Wiebke anastahili zaidi ya hapo.

Halafu nikang'amua. Hapendi sapraizi, kwa hiyo haitarajii! Nani ashtuke vizuri kuliko asiyetarajia?

Nikamwambia tumbo limerudi tena, nikashuka stesheni ya Oldenburg. Alinitazama dirishani mpaka treni ikaondoka, hata mkono hakupunga. Maskini, hashuku kitu. Yeye atapumzika kwa mama yake Bremen hadi Jumatatu, ndipo aende Vienna. Mimi kesho niko Vienna, natafuta wapiga tarumbeta.

Samaki nimeshanunua hapa stesheni, safari hii wanne. Na kwenye mfuko wa koti lake nimechomeka barua, herufi kubwa, mkono wa kushoto: JUMATATU. STESHENI KUU YA VIENNA. NJOO PEKE YAKO.

Jina sikuweka.