Vidonge vya Nyumba Kumi

Jumatatu, 1 Julai 1974

Bila mimi kijiji hiki kingekwisha kuporomoka mlimani hadi Mombo, kule bondeni. Halina ubishi. Balozi wa nyumba kumi ni mimi. Nimesoma mpaka darasa la tatu na nusu. Siku ya Uhuru nilishika kamba ya bendera. (Karibu niishike.) Leo shambani kwa kijiji niliwaonyesha vijana namna ya kulima bila kutazama chini. Jembe likaingia mguuni. Mguu wangu! Mussa, katibu wa kijiji, alicheka mpaka akakalia kabichi. Eti balozi amepanda kidole. Mpuuzi.

Jumatano, 3 Julai

Mguu umevimba kama boga. Unanuka. Mke wangu Efrazia amenikokota hadi zahanati. Tabibu wa pale ni Rahabu, binti wa dada yangu. Alinipa shikamoo yangu kwa heshima zote, halafu akakamua usaha bila huruma yoyote.

Sindano za penisilini zimekwisha, gari la dawa limekwama kwenye matope. Amenipa tetrasaiklini, vile vidonge vya rangi mbili, ishirini na nane. Kimoja kila saa sita, siku saba, tumbo tupu, maji tele, maziwa marufuku. Nimalize vyote hata nikijiona mzima. Akanieleza kwamba penisilini humzuia kijidudu kukandika ukuta wake, basi nyumba inampasukia. Hii nyingine haigusi ukuta. Inamfungia jiko. Hapiki, hakui, mwili wenyewe unammaliza. Ukiacha njiani anawasha moto tena, na waliobaki ni wale sugu, ndio wanaozaliana. Nikamwambia hayo yote nilimfundisha mimi utotoni. Akasema haya, mjomba, ila uvimbe ukipita kifundo ni hospitali ya wilaya, na huko naweza kurudi na mguu mmoja.

Alhamisi, 4 Julai

Wazo kubwa! Ukungu haujaondoka tangu Jumapili, na nyumba zangu zote kumi zina mafua. Kila mlango unakohoa. Na mimi peke yangu nimekalia mfuko wa vidonge! Huo si ubepari? Shamba ni letu, jembe ni letu, jeraha nimelipata katika kazi yetu. Basi na dawa ni yetu.

Nimevifungua vyote. Unga wa manjano. Nimeukoroga kwenye sufuria ya chai ya maziwa, kila mtu mzima kikombe kimoja, sawa kwa sawa. Nilihutubia. Walipiga makofi. Mussa akauliza tangu lini mafua na jembe vikawa ugonjwa mmoja. Nikamwambia aache kasumba ya kikoloni. Akanywa vikombe viwili.

Mwanahawa peke yake ndiye aliyekataa. Ni mjamzito, eti Rahabu amemkataza dawa yoyote isiyotoka zahanati. Nimemwandika kwenye orodha ya wanaochelewesha maendeleo.

Jumamosi, 6 Julai

Mafua yapo vilevile. Wekundu umepita kifundo. Natetemeka. Nilimwambia Efrazia ni baridi ya mlima wetu wa Magamba tu. Akasema baridi haitoi usaha, mume wangu. Wamenibeba kwa machela ya miti ya mwati. Mussa alishika mbele. Hakuna jiwe alilolikwepa.

Rahabu akauliza nimekunywa vidonge vingapi. Nikasema kijiji kimekunywa vyote. Akaiweka kalamu mezani taratibu. Afadhali angenifokea! Kisha akasema maziwa yameishika dawa, na kilichobaki, kikigawanywa kwa watu wote wale, hakitibu hata panya. Tena mafua hayana habari na dawa hizi. Vijidudu vyake havina ukuta wala jiko, vinapikia kwenye jiko la mgonjwa mwenyewe. Na tetrasaiklini hapewi mjamzito wala mtoto mdogo, meno ya mtoto hugeuka rangi ya udongo. Sauti ikamshuka. Akauliza Mwanahawa je, alikunywa? Nikasema alikataa. Akakaa, akajifuta uso. Mjomba, akasema, mshukuru sana yule mwanamke.

Gari la dawa lilifika jana. Akauliza kama nimewahi kuchomwa penisilini nikatoka vipele, nikavimba uso au nikabanwa pumzi. Nikasema hakuna kitu kilichowahi kunishinda. Akauliza tena, polepole. Nikasema hapana. Akanichoma. Akaniketisha nusu saa ananitazama kama maziwa yaliyo motoni. Nimelazwa. Sindano saba, mbele ya macho yake. Akasema hii, mjomba, haigawanyiki kwa vikombe. Uvimbe usiposhuka kufikia keshokutwa, napelekwa wilayani.

Sikuogopa. Nilimwomba Efrazia aketi karibu kwa ajili yake mwenyewe.

Jumatatu, 8 Julai

Umeshuka! Kidole gumba kinacheza. Rahabu alikitazama muda mrefu, akatoka nje, akarudi macho mekundu. Moshi wa kuni, nadhani. Mussa ameniletea ndizi sita. Nne amekula yeye.

Ijumaa, 12 Julai

Sindano ya saba. Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu yote miwili. Nimeitisha mkutano wa nyumba kumi na kueleza kwamba chai yangu ndiyo iliyoulegeza ugonjwa, sindano ilimalizia tu. Efrazia alikohoa. Sasa amepona mafua, kwa hiyo alikohoa makusudi.

Nimeokota vichupa vitatu vitupu nyuma ya zahanati. Ndani kumebaki weupe kidogo. Nikivisuuza kwa maji ya moto, kuku wote wa kijiji watapata dawa. Kesho nitamwarifu katibu.

Jambo moja sikulisema mkutanoni, naliandika hapa kwa kuwa Efrazia hasomi daftari hili. Kidonge cha kwanza, Jumatano ile, hakikushuka. Kilikwama kooni. Nilimwita marehemu mama kwa sauti, Efrazia akanipiga mgongoni mpaka kikarukia majivuni. Vilivyobaki niliviogopa. Ujamaa niliukumbuka kesho yake.