Fuso la Mboje Mlangoni Pangu

Jumatatu, 1 Julai 1996

Baridi kali. Upepo haujachoka tangu juzi. Na lile lori la Fuso liko mlangoni pangu tena.

Sisemi karibu na mlango. Mlangoni. Dereva amevuka mtaro, akapanda juu ya njia ya miguu ambayo halmashauri iliimwagia zege kwa ajili ya wanadamu, akaliegesha limebanana na kibaraza changu. Bodi limeziba dirisha lote. Ndani giza, na mchana umeme hakuna. Nimechapa barua ya mteja kwenye taipureta kwa kupapasa, ikatoka kwa "Mkuu wa Wilata". Afadhali mteja hakurudi kuichukua. Nadhani hakuuona mlango.

Wapita njia wanateremka barabarani, katikati ya magari. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni nusura agongwe na pikapu, na mwenye pikapu ndiye aliyemtukana. Mtaa mzima wa Majengo kimya! Biashara imekuwa huria, basi kila mwenye usukani anadhani na njia imekuwa huria.

Ningevumilia kama si Jumamosi. Jumamosi anakuja Sista Hellena, mkuu wa shule ya wasichana, kukagua chumba changu. Akikipenda, nitachapa stensili za mitihani yote ya shule. Asipokipenda, Mama ameshatamka: gari la kwanza kwenda Kirando, kando ya ziwa, kwa mjomba Nestory, nikageuze dagaa juani. Kidato cha sita, daraja la pili, nigeuze dagaa!

Sista ana sharti moja. Mwanga. Hataki mitihani ichapwe gizani.

Mpango: tangazo.

Jumanne, 2 Julai

Nimeandika kwenye ubavu wa boksi: MARUFUKU KUEGESHA HAPA. KWA AMRI. Sikutaja amri ya nani. Amri isiyo na mwenyewe inatisha zaidi.

Nililisimamisha katikati ya njia, nikasimama kando yake mikono nyuma. Fuso likaja. Honi ililia mpaka bati zikatetemeka. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaniambia nisogee, gari halina macho. Nikasogea. Kimkakati.

Akashuka. Mrefu, koti zito la mtumba, mswaki wa mti mdomoni. Akalisoma tangazo langu mpaka mwisho, nikaanza kufurahi. Kisha akalibeba, akalitandika chini ya injini, akalala juu yake kukaza nati. Alipomaliza alinirudishia kwa mikono miwili, limelowa oili, akasema ahsante dada, ardhi ya huku ni barafu.

Herieth aliona yote. Herieth ni jirani yangu, ametoka Mbeya, ana saluni na kreti za soda. Fuso halimsumbui hata kidogo, maana wapakiaji wanakunywa soda kwake. Akaniambia pole shoga, angalau amelisoma.

Nimemtazama tu, kwa namna ambayo ataielewa baadaye.

Jumatano, 3 Julai

Mawe! Nimeamka mapema, nikayapaka chokaa, nikayapanga ukingoni mwa njia. Jiwe jeupe lina sura ya serikali. Hakuna anayegombana na jiwe jeupe.

Dereva aliyashangilia. Kumbe breki yake ya mkono haishiki. Akayakusanya yote, akayatia nyuma ya matairi, akawatangazia wapakiaji kwamba mji huu una watu wa huruma, tazameni mmoja ameniwekea vigingi.

Hapo nikapasuka.

Nilikuwa na hotuba tayari juu ya haki za mtembea kwa miguu, ina utangulizi na hoja kuu. Haikutoka hata sentensi moja. Herieth alishaniambia kwamba jamaa anaitwa Mboje, Msukuma, anachukua mahindi kwenye ghala la nyuma kupeleka Mbeya. Basi nikamwambia Mboje kwamba udereva amejifunzia nyuma ya mikia ya ng'ombe, ndiyo maana kila akiona mahali tambarare anadhani ni malisho. Nikamwambia honi ingekuwa akili, leo angekuwa profesa. Nikamwambia na lile koti lake, mwenyewe wa kwanza alilitupa Ulaya kwa aibu.

Wapakiaji wamebeba magunia hawasogei. Herieth ameacha kusuka, mteja wake nusu kichwa.

Mboje akanisogelea. Akaniuliza, taratibu, kwetu wapi. Nikamwambia Milepa, Mfipa kwa baba na kwa mama, na siogopi mtu.

Mswaki ukamdondoka. Akalipiga bodi la gari kwa kiganja, akapaza sauti, "Mtani wangu! Mji mzima nimekosa wa kunitukana, kumbe uko hapa!" Akawaita wapakiaji waje waone. Akaniuliza sisi Wafipa njia ya miguu tunaitakia nini wakati usafiri wetu ni kuruka usiku kwa ungo. Akataka kujua ungo wangu nimeuegesha wapi, asije akaukanyaga. Kisha akaingia ndani bila hodi, akala viazi vyangu vyote vya mchana, akalalamika havina chumvi.

Jioni. Mama amecheka mpaka amejifuta machozi kwa khanga. Ameniuliza miaka yote ile ya bweni nilifundishwa nini, kama sijui kwamba Msukuma ni mtani wetu. Mtani ukimtukana umemsalimia. Ukikasirika, kosa ni lako. Amesema nimemkaribisha mtu mbele ya mtaa mzima, na sasa atakuja kila siku.

Nilifundishwa mapinduzi ya viwanda. Utani haukuwemo kwenye muhtasari.

Alhamisi, 4 Julai

Mpango: adabu. Kama matusi ni makaribisho, heshima itakuwa kufukuza. Hoja haina dosari.

Mboje alipofika nikamwambia habari za asubuhi, ndugu dereva. Akaniuliza mbona nimepoa kama nina msiba, ng'ombe wangu wote wawili wamekufa au ni mmoja tu. Nikamjibu kwamba namtakia kazi njema. Akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nashukuru kwa kunijali, ndugu dereva. Akaondoka haraka.

Mchana akarudi na Mafuso mengine mawili. Wenzake, Wasukuma wote, wamekuja kunijulia hali! Wameegesha njia nzima, kuanzia kwangu mpaka kwa fundi viatu. Mmoja aligonga nguzo ya kibaraza wakati wa kurudi nyuma, akateremka na kunigombeza kwamba nguzo za Wafipa hazikai mahali pamoja, zinarukaruka. Wakanitukana kwa zamu, kwa upole, kama watu wanaomwona mgonjwa.

Nimekwenda kushtaki. Askari wa barabarani amesema njia ya miguu si barabara, kwa hiyo haimhusu. Mtu wa halmashauri amesema gari si jengo, kwa hiyo halimhusu. Wote wawili walinikaribisha kiti.

Nakiri hapa tu, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Yule wa nguzo nilikuwa na jibu lake. Lilikuwa jibu zuri sana. Nimelimeza kwa ajili ya adabu, na bado liko hapa kooni.

Ijumaa, 5 Julai

Mpango mkuu. Naona fahari kuuandika.

Wageni wote wanaiogopa Sumbawanga yetu kwa jambo moja, uchawi. Mboje mwenyewe hana utani mwingine zaidi ya ungo. Basi apate ungo! Najua ni ushirikina, na mimi ni msomi. Lakini msomi anatumia nyenzo zilizopo.

Mafuso mawili yameshaondoka. La Mboje limelala pale pale, limepakiwa nusu. Kabla ya watu kuamka nimeutundika ungo kwenye kioo chake cha pembeni. Ndani yake majivu, kitambaa chekundu, na kifundo cha uzi mweusi nilichokitunga mwenyewe. Nilipomaliza hata mimi nilipita mbali.

Imefanya kazi! Imefanya kazi kupita kiasi. Mpakiaji wa kwanza alipouona aliliachia gunia likapasuka, mahindi yakamwagika mpaka mtaroni, na hakuna kuku aliyefukuzwa. Wapakiaji wote wakatoweka. Utingo, msaidizi wa Mboje garini, akadandia lori lingine la Mbeya, hata sweta hakuchukua. Herieth akafunga saluni. Watu wamesimama ng'ambo ya barabara wanaangalia mlango wangu. Hakuna anayekanyaga njia ya miguu, ingawa leo iko wazi kabisa mbele na nyuma ya Fuso.

Na Fuso halisogei. Mzigo umeegemea upande mmoja, likiondoka litalala. Wa kumalizia kuupakia hayupo.

Nilimngoja Mboje akimbie. Hakukimbia. Alikuja kibarazani, kwa mara ya kwanza hacheki. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huu si utani. Mtani anakuja mchana, mnaonana usoni. Huyu wa usiku ni mtu mbaya, na kilicho mlangoni mwangu kimewekwa kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Akasema hataondoa gari mpaka ajue ni nani. Akavuta boksi langu la tangazo, akaketi mlangoni kunilinda.

Nimemletea chai. Ameipokea bila kuisema vibaya. Nimejisikia vibaya mno.

Lakini kuutoa ungo ni kukiri. Na kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 6 Julai

Sista Hellena alifika kwa miguu, mdogo, sweta la kijivu, viatu vya vumbi. Akavuka barabara pale pale ambapo wengine wote walikuwa wamegoma kuvuka. Akalitazama Fuso. Akautazama ungo. Akachungulia chumbani mwangu, giza kama ndani ya chungu. Akauliza, kwa sauti ya darasani, ungo huu wa nani.

Mboje akasimama, akasema jibu hilo ndilo analolingoja hata yeye. Nilifungua mdomo. Niliona Kirando yote, na kila dagaa aliyemo. Nikaufunga.

Hapo nikasikia sauti ya Mama kutoka kona ya ghala. "We Coleta! Ungo wangu umeupeleka wapi? Tangu jana nataka kupepeta ulezi!"

Akapita katikati ya watu, shikamoo zinamfuata, akaufikia ungo, akaung'oa. Akamwaga majivu. Akakikuta kitambaa chekundu, akasema na hiki ni kiraka changu. Akaniuliza mbele ya sista kama nimerukwa na akili.

Mboje alinitazama mimi. Akautazama ungo. Akanitazama tena. Nilitamani anipige kofi, yaishe.

Akakaa chini, palepale juu ya zege. Cheko lilianzia tumboni, likampindua. "Mtani! Usiku mzima nimekesha kumlinda mchawi!" Ng'ambo ikalipuka. Wapakiaji wakarudi wakisukumana, kila mmoja akidai yeye hakuogopa, alikwenda haja. Magunia yakapanda. Fuso likaondoka mlangoni. Jua likaingia chumbani mpaka ukutani, na mimi nimesimama katikati yake bila pa kujificha.

Sista aliketi mbele ya mashine yangu, akachapa mstari mmoja, akasema mwanga unatosha. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwomba yule kijana asogeze gari.

Nikamwambia nimejaribu kila njia: tangazo, mawe, hoja, adabu, serikali.

Akasema ndiyo, lakini uliomba?

Mboje, aliyeliacha gari mbele akarudi kuaga, akadakia kwamba upande wa ghala pana nafasi kubwa. Alikuwa akijibana hapa kwa sababu alijua napenda kampani. Akaniambia nibaki salama, nikirusha ungo mwingine nimpitie Mbeya, nauli ya basi imepanda. Na mimi nikamwambia lile jibu la nguzo. Lote. Amekwenda huku akilipigia honi.

Kazi nimepata, kwa majaribio.

Swali la sista ni zuri kwa mtu wa dini. Katika maisha ya kawaida halina matumizi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeanza kazi! Pikapu ya shule imeleta karatasi, wino na mashine ya kurudufu. Dereva aliuliza aegeshe wapi. Nikamwambia apande tu juu ya njia, abane hapa mlangoni, mzigo ni mzito na mitihani ni siri. Imekaa mpaka mchana. Mzee mmoja wa baiskeli aliteremka barabarani akiguna. Watu wa mji huu hawana subira.

Kisha Herieth akatoka saluni. Akanisogelea. Akaniambia, "Samahani shoga, naomba gari lisogee kidogo, wateja wangu hawapiti."

Samahani! Naomba! Na huku anatabasamu!

Huu ni ujanja wa hali ya juu, sijawahi kuuona. Sijui anapanga nini. Lakini kesho nitaamka kabla yake.