Jeshi la Milimita Sita

Jumanne, 3 Februari
Roland Pickersgill kachukua tena kombe la jeshi lililopakwa rangi vizuri kuliko yote. Mara ya sita! Mimi wa pili, mara ya sita. Klabu nzima ya kuchezea vita vya kale kwa askari wa sanamu, watu wazima kumi na mmoja ndani ya ukumbi wa kanisa hapa Chesterfield, imeinamia meza kuwakodolea macho tembo wake wa Karthago. Sanamu zake ni za milimita ishirini na nane, na mpaka kope kazichora. Alikuwa mchora mabango maisha yake yote. Hiyo si haki hata kidogo.

Lakini nimeona jambo. Alipopewa chai, kikombe kiligonga kisosi mfululizo. Mkono unamtetemeka.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 5 Februari
Mpango umeiva. Msimu ujao, unaofunguliwa Machi kwa maonyesho mengine, ligi yote ihamie milimita sita. Askari sawa na punje ya mchele! Mkono unaotetemeka utampakia wapi rangi? Hadharani nitasema meza yetu ni ndogo na vita vikubwa havienei. Kweli tupu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Nimempigia Glenys, katibu wetu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mpango huu unamlenga nani. Mama yule ana ulimi wa wembe.

Jumanne, 10 Februari
Kura. Nilikuwa na hotuba ya dakika ishirini. Dakika ya tatu Roland akasimama, akasema Clifford ana hoja, tujaribu jamani, hatujafa bado. Mikono yote juu! Nimeshinda, na kurasa kumi na moja zimebaki mfukoni.

Ushindi wa kupewa hauna ladha. Kwa nini ameniunga mkono? Ana lake jambo.

Jumamosi, 14 Februari
Milimita sita ni laana. Sioni kitu. Nimeazima kioo cha kukuzia cha mke wangu Hilda, anachotumia kutunga uzi. Saa nne kwa askari ishirini: wekundu uliokolea, kahawia, kivuli juu ya kivuli, kama ilivyokuwa zama zile. Kisha nikapiga chafya. Wapanda farasi wote zuliani!

Nikaenda kutafuta tochi. Kurudi, Hilda keshapitisha mashine ya kufyonza vumbi. Nikamfokea kuwa amewameza wapanda farasi wa jemadari Hannibal. Akasema alichomeza ni makombo ya biskuti zangu, na kwa taarifa yangu, leo ni Siku ya Wapendanao.

Chakula cha jioni: mayai baridi.

Jumatatu, 16 Februari
Roland kaja na mfuko. Hakutaka kuketi mpaka Hilda alipomvutia kiti. Akasema daktari ameshaupa ugonjwa jina, na hautapona. Kisha akafungua mfuko: jeshi zima la milimita sita, halina tone la rangi.

“Mikono imenigomea, Cliff,” akasema. “Yako imetulia. Nipakie, ndugu yangu, nisikose msimu.”

Hilda akageukia dirishani. Nilimhurumia, nakiri. Kwa kitambo kidogo. Nikasema bila shaka, rafiki yangu.

Alipofika langoni, wazo likanijia. Wazo zuri mno!

Jumapili, 22 Februari
Jeshi la Roland nimelimaliza kwa mkao mmoja. Brashi ya kupakia milango. Nyeupe, njano, nyekundu ya nyanya, paka paka twende zetu. Langu limenichukua wiki nzima, hadi kamba za viatu.

Hilda akauliza lile la ovyo ni la nani. Nikasema la Roland. Akaondoka kabla ya kuuliza kwa nini. Nilikuwa na jibu tayari.

Jumanne, 3 Machi
Siku ya maonyesho. Jeshi langu, ukilitazama kutoka hatua mbili: dimbwi la matope. Glenys kauliza nani kamwaga kahawa. Jeshi la Roland linang'aa kama majeshi halisi yakishuka mlimani jua likiyapiga! Kumbe askari wakiwa wadogo hivyo, jicho halitafuti kope. Linatafuta mwanga.

Kombe: Roland. Mara ya saba.

Akasimama ameshika meza. Akasema hakugusa hata askari mmoja, kila kitu ni mkono wa Clifford, na huyo ndiye rafiki. Makofi! Akataka kunipa kombe. Glenys akasema kanuni ni kanuni, linaandikwa jina la mwenye jeshi. Roland akanikumbatia. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

Hilda alikuwa mlangoni. Hakupiga makofi.

Jumatano, 4 Machi
Roland kapiga simu asubuhi. Anaomba tukutane kila Jumapili, mimi nishike brashi, yeye anielekeze. Anataka kunifundisha yote anayoyajua, kabla sauti nayo haijamgomea.

Hilda akasema niende. Akarudia: “Nenda, Clifford. Nakuomba.”

Nimesema nitaona. Nina shughuli. Namwandikia Glenys pendekezo: msimu ujao tuhamie milimita hamsini na nne. Askari mrefu kama kidole, madini ya risasi matupu, jeshi moja zito kama gunia la viazi, na kila mtu hujibebea lake.

Na ngazi za kupandia ukumbini ni kumi na nne. Nimezihesabu.