Sekunde Arobaini za Mwenyekiti

Ijulikane kwa waumini wote kwamba mnamo Januari 2016, jumuiya ya kanisa letu pale Columbia Heights, huku Marekani, iliingia rasmi katika zama za Saa ya Mchezo.

Mwenyekiti Zachariah aliigundua saa hiyo kazini, kwenye makao ya wazee kule Bloomington, akimlisha mzee mmoja uji mbele ya runinga. Mpira wa Kimarekani ulikuwa ukichezwa. Timu hupewa sekunde arobaini kuanzisha mpira. Ikizubaa, inarudishwa yadi tano nyuma. Kijiko kilibaki hewani. Hatimaye Zachariah alielewa kwa nini taifa hili limeendelea ilhali vikao vyake yeye havifiki ajenda ya pili. Tatizo lilikuwa waumini Wakongo na salamu zao.

Hasa Emérance. Kwa vikao vitano mama huyo aliomba gari la jumuiya liwalete wazee kanisani Jumapili, na kila mara muda ulikwisha. Gari lenyewe, kwa sababu za kiusalama, lililala kwa Mwenyekiti na kumpeleka kazini.

Kanuni ikapita: anayesimama aanze hoja yake ndani ya sekunde arobaini, la sivyo arudi hatua tano nyuma na asisogee mbele tena. Saa ikatundikwa ukutani. Maureen, katibu, akakabidhiwa filimbi.

"Lakini Chair," Naftali, mjumbe mmoja, alisema, "hizo game bado zinachukua three hours. Wenye wanaongoza wanakaa tu hapo waki-waste time."

"Hoja imenakiliwa," alisema Mwenyekiti. Hakuna aliyenakili.

Akasimama kufungua kikao. Bwana asifiwe. Tena asifiwe. Akamtambua mchungaji, mke wa mchungaji, wageni kutoka Oakdale, walio safarini, walio kazini.

Filimbi.

"Chair, hatua tano," alisema Maureen.

Alirudi nyuma kwa heshima zote. "Kabla sijaanza, niruhusuni niishukuru adhabu hii." Ilipolia tena alikuwa penye makoti. Ya tatu ilimkuta kizingitini, akiwatambua viongozi waliomtangulia. Ya nne ilimtoa nje, na mlango ukajifunga, kama alivyoagiza mwenyewe kwenye waraka wa usalama.

Ndani, Emérance alisimama. "Wazee yetu banabaki ku nyumba. Dimanche, siku ya kanisa, bus inakawia, baridi inabauma. Mutupe gari."

Sekunde tisa. Mikono yote ikainuka.

Zachariah aliiona mikono hiyo kupitia kioo, na ikamuuma kuliko baridi. Emérance akaufungua mlango kidogo.

"Papa Chair, fungulo ya gari."

"Kwanza, Mama, nikusalimu katika jina la..."

Emérance alimsubiri kwa adabu hadi filimbi ilipomrudisha tena hatua tano. Kumbukumbu za kikao zinaeleza kwamba Mwenyekiti alilikabidhi gari kwa hiari, baada ya kulifikia kinyumenyume.

Jumapili iliyofuata gari lilisimama hata nyumbani kwake, maana sasa naye alitegemea basi, na basi lilikuwa linakawia kweli. Kwa mujibu wa kanuni, lilimngoja sekunde arobaini, likaondoka. Alikuwa bado anaaga.