Bei ya Baridi ya Ubelgiji

Lusangi, Kabambare, tarehe 9 Machi

Bwana Mkuu wa Chuo,

Mimi ni Zéphirin, mkulima wa mpunga hapa Lusangi, baba yake Naomie wa mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mnamjua: ndiye anayevaa koti hata darasani. Kama Kiswahili kinawashinda, mwombeni awatafsirie, ila namba ya nne asiisome.

Ofisi yenu ilimpa karatasi inayoeleza mwanafunzi mgeni atumie kiasi gani kila mwezi ili aishi. Aliipiga picha, akanitumia. Mtandao wetu unapatikana kilimani tu, kwa hiyo niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye jumla nikakaa chini. Mke wangu Marie aliitazama, akauliza, "Hii ni bei ya kupanga ao ya kununua nyumba?"

Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Chumba. Mnamtoza kwa kulala peke yake. Kwetu mtu hulala peke yake akiwa na ugonjwa wa kuambukiza, na hatumtozi. Wakilala wanne, kila mmoja atalipa robo. Dada zake watatu wako tayari, na mikeka wanayo. Mtume tiketi tu.

2. Joto. Mmeandika pesa ya kupasha chumba moto. Bwana Mkuu, ile baridi Naomie hakuja nayo, aliikuta kwenu. Mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja hamdai mgeni pesa ya kulowa.

3. Usafiri. Eti alipe basi la mwezi mzima kabla hajalipanda. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare sisi tunalipa pikipiki tukishafika, na abiria aliyesukuma kwenye tope anapunguziwa. Octave, dereva wa pikipiki anayenibeba, anasema yuko tayari kuja kuwafundisha.

4. Burudani. Hapa nilikasirika. Nilimpigia Naomie nikamwuliza anajifurahisha na nini kwa pesa yote hiyo. Akajibu, "Baba, ile njo nakulaka." Yaani pesa ya kucheka anaila, kwa kuwa ile ya chakula inaisha tarehe ishirini. Anapika mara moja kwa siku, na anasema amezoea. Marie alichukua simu akamweleza namna ya kufanya kopo moja la mchele litoshe siku mbili, akanirudishia, akashuka kilima bila kunisubiri. Mimi nikamwambia Naomie mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

5. Kwa hiyo nimefanya hesabu ya Lusangi: chumba bure, joto bure, chakula kiko shambani, na kucheka hakujawahi kupanda bei. Dawa ni moja: hamisheni chuo. Chifu ametuonyesha kiwanja kati ya kanisa na kijito, na Jumamosi nilikifyeka. Walimu watakula kwetu kwa zamu. Vitabu vitakuja na Octave, kidogo kidogo, mvua ikipungua. Mkiona safari ni ndefu, basi mpunguzieni Naomie nusu ya chumba na joto lote, nami kiwanjani nitapanda karanga.

Wasalimieni walimu, wapishi, dereva wa basi, na hasa yule mama wa mapokezi aliyempa mtoto wetu glavu. Marie anamwombea kila Jumapili.

Wenu katika matumaini,
Zéphirin, mzazi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha Naomie aliposema atakuja Julai wiki tatu, kwa sababu huku maisha ni bure. Usiku huo mimi na Marie tulihesabu. Pikipiki sita za kumpokea Kasongo. Mbuzi wa shangazi zake, na mbuzi mwingine wa shangazi watakaosema yule wa kwanza alikuwa mdogo. Vitenge vya kwaya. Mchele wa wajomba wa Salamabila, ambao wameshatuma habari kwamba wataondoka siku atakayoondoka yeye. Jumla inapita miezi mitano ya karatasi yenu. Mbuzi mmoja tumemwuza, pesa yake inakuja kwa Naomie, ya chakula. Tafadhali, wakati wa likizo mbaki naye huko huko. Kwenu maisha ni rahisi.