Uraia wa Senene

Ilitangazwa Bukoba kwa kipaza sauti kwamba kuanzia Jumatatu hakuna senene atakayeliwa kabla uraia wake haujathibitishwa kisayansi.

Tangazo lilikuwa la Ndugu Rugaibula, Mratibu wa Diplomasia ya Sayansi. Alilisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hakuna aliyepiga makofi. Kila msimu senene wakitua Muleba, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka husema wametoka kwao. Sisi husema wamerudi nyumbani. Ndipo ikaundwa Tume ya Pamoja, na Annastella, mtafiti wa wadudu, akakabidhiwa ndoo mbili za senene, moja kutoka kila nchi, awatie alama kisha awaachie Kemondo, ionekane wanaelekea kwao wapi.

Kanuni ya saba ya tangazo hilo Rugaibula aliitunga mwenyewe: "Atakayemla mshiriki wa utafiti ataondolewa ofisini siku hiyohiyo, bila kujali cheo." Maneno ya mwisho aliyaongeza kwa mapambo tu.

Ndoo zikingoja ofisini siku ya kuwaachia, Annastella aliandika ripoti ya kurasa tisa ya jinsi alivyowatia alama. Rugaibula aliipokea kwa mikono miwili, akasema Tume inaiheshimu mno sayansi, kisha akaikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Meza ikatulia. Nani tena angesema utafiti hausaidii?

Alhamisi mchana kukawa na kikao cha ndani cha wakuu wa pande zote mbili. Kikao kilihitaji kikaango cha Klaudia, mpishi wa ofisi, pamoja na chumvi na vitunguu. Klaudia mwenyewe aliambiwa arudi zake Nyanga mapema. Kilichojadiliwa ni siri ya mataifa. Itoshe kusema hakuna aliyepinga hoja ya mwenzake.

Ijumaa, siku ya kutia saini mkataba wa kuwaachia senene, Rugaibula alipiga mswaki akaona povu la zambarau. Akailaumu dawa ya meno. Alipofika ofisini, ndoo zilikuwa tupu, na waandishi wa habari walikwisha kuziona. Akamwita Klaudia mbele ya wote.

"Kikaango ni cha nani?"

"Changu, waitu," Klaudia akajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Basi kanuni ya saba inakuhusu. Kabidhi funguo za jiko."

Klaudia ana watoto wanne na kazi moja. Machozi yakamlengalenga.

"Waitu, mimi senene nawanyonyoa tu mabawa. Bibi alitukataza sisi wasichana, alisema senene ni wa baba. Tangu nizaliwe sijaonja hata mmoja."

"Huo si ushahidi wa kisayansi," Rugaibula alisema, akajipongeza moyoni.

"Wa kisayansi upo," Annastella akasema. Aliinama, akachomoa ripoti yake chini ya meza. Meza ikayumba, chai ikamwagikia mkataba. "Ukurasa wa pili. Washiriki wote walilishwa rangi ya zambarau. Haina madhara, ila aliyewala ulimi hautatakata siku tatu. Dada Klaudia, hebu tuonyeshe ulimi."

Ulimi ukatoka, mwekundu, safi kabisa.

"Sasa wakuu."

Wajumbe wa jirani wakafumba midomo. Wa kwetu nao wakafumba. Huo ndio ukawa msimamo wa kwanza wa pamoja wa Tume.

"Mratibu," mwandishi mmoja akauliza, "kanuni ya saba inasemaje vile?"

Rugaibula akatikisa kichwa, midomo imebana.

Klaudia alikuwa ameisikia kwenye kipaza sauti mara mbili. Akaisema yote kwa kichwa, polepole, na alipofika "bila kujali cheo" akanyoosha mkono kwa adabu.

"Funguo za ofisi, waitu."